Ngozi ya Gari la Shangazi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye salio kwenye simu, na hao ndio wa kuogopwa. Mjinga asiye na salio huishia kujisikitikia peke yake.

Mimi ni fundi wa kupuliza rangi za magari. Kazi sikuisomea. Nilifundishwa na makofi ya mafundi wakubwa na thina ya kuzimulia rangi iliyonirukia machoni, kwa hiyo kila ninachokijua kiliniuma kwanza. Banda letu ni la mabati. Upande wa jua napuliza mimi. Upande wa kivuli, alioutwaa kwa haki ya kuzaliwa kwanza, yuko dada yangu mkubwa. Yeye hapulizi. Yeye husugua na kupaka: polishi, mafuta, nta. Watu wa mtaa humwita Daktari wa Ngozi. Mimi humwita Mama Losheni, ila huhakikisha kwanza kwamba ndoo yake ya maji iko mbali.

Basi akaja shangazi yetu na gari lake. Shangazi ni mshonaji wa mapazia. Huzunguka majumbani kwa watu kupima madirisha, gari limejaa majora ya vitambaa na fimbo za pazia zimechungulia dirishani kama watoto watundu. Alilinunua jekundu. Jua likalifanyia kazi miaka nenda miaka rudi, mpaka likawa na rangi ya fizi za kichanga. Ukiligusa boneti, mkono unatoka na unga.

Injini ilikuwa nzima kuliko magoti yangu, lakini kuna binamu. Huyo ni mwana wa pekee wa shangazi, tunamwita Mkurugenzi kwa kuwa huongoza hata pale asipoajiriwa. Alikuwa amemwambia mama yake, mbele ya ukoo mzima, kwamba gari lile linamtia aibu yeye na cheo chake. Liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye atampeleka mama popote anapotaka, akipata nafasi. Shangazi alipandwa na hasira, akajibu kwamba akina sisi tukishindwa kulirudishia rangi wiki ile, basi alichukue. Na shangazi ni mtu wa neno lake; akishasema, amesema.

“Dirisha halipimwi kwa simu, wanangu,” alituambia, funguo zikimning'inia kidoleni. “Na hiyo nafasi ya mwanangu naijua. Hata kuzaliwa alichelewa.”

Mimi nikatoa ushauri wa kitaalamu, yaani ushauri wa kunipatia kazi: tulikwangue lote, nilipulize upya. Dada akalisogelea gari. Alifungua mlango wa dereva, akatia tone la mafuta kwenye kona ambayo hakuna anayeiangalia, akaipangusa kwa kidole. Pakatokea wekundu wa pilipili iliyoiva.

“Haijafa,” akasema. “Ina kiu.”

Ningependa mngemwona dada yangu akiwa mbele ya rafu yake ya makopo. Mtu mwingine huchukua polishi kama anavyochukua soda. Yeye hufungua kopo, hunusa, huchota kidogo na kukivingirisha kati ya kidole gumba na cha shahada akitafuta chembe. Zipo polishi ambazo ni msasa uliojipaka manukato. Hung'arisha leo, na kesho zimeshakula ngozi yote. Alizipita hizo, akachukua laini kuliko zote. Niliponong'ona kwamba kwa gari lililopauka vile angeanza na kali, alisema unaanza na mpole, mkali ataitwa mpole akishindwa.

Alilisuguaje? Kwanza aliliosha kivulini. Halafu akachukua ule udongo laini wa kunasia uchafu, mithili ya kinyunga cha chapati, akauteleza juu ya bati lililolowa huku ameinamisha sikio. Nilidhani anasinzia. Kumbe anasikiliza: palipo na uchafu udongo hukwaruza, palipotakata hunyamaza. Hakuacha sehemu mpaka inyamaze. Kisha akalipaka mafuta mazito na kuliacha lilale nayo. Asubuhi boneti lilikuwa limeyanywa yote, kavu, kama vile hakulipaka kitu. Akalipaka tena. Safari hii likanywa nusu, na wekundu ukaanza kuchungulia. Nikajikuta nimeweka chini bunduki yangu ya rangi, natazama tu kama mtu aliyekuja harusini.

Ilipofika zamu ya polishi, vitambaa vilimpungukia. Akatoka kwenda kwa shangazi kuchukua mabaki ya pamba laini yanayobaki akikata mapazia. Akaniachia neno moja: nisiguse.

Kuniambia mimi nisiguse ni kunikaribisha. Hajafika hata njia panda, nikawa nimetia polishi kwenye kitambaa na kuusugua mlango wa nyuma. Nia yangu ilikuwa njema, nilitaka kusaidia. Nilipokigeuza kile kitambaa, kilikuwa chekundu, utadhani nimechinja kuku.

Sasa nieleweni. Magari ninayopuliza mimi ni haya ya siku hizi: rangi chini, vanishi isiyo na rangi juu yake. Kwa gari la namna hiyo, kitambaa kikitoka na rangi ujue umekwisha. Umeitoboa vanishi na unaila rangi yenyewe.  Nikaona tumeliua gari la shangazi, na kiherehere kikaniambia kwamba mwungwana ni yule anayetoa taarifa mapema. Nikampigia Mkurugenzi.

“Binamu, gari linatoka rangi,” nikamwambia. “Nafikiri tumelimaliza.”

Akanipa pole. Lakini ndani ya pole ile nilisikia furaha iliyovaa suti ya msiba. Alisema nisijilaumu, angekuja mchana huohuo, na angekuja na yule mnunuzi wa chuma ili mama asisumbuke tena.

Dada akarudi na mfuko wa pamba, na shangazi nyuma yake. Nikamwonyesha dada kile kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi maiti. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena.

“Wewe ukijisugua kisigino kwa jiwe, huwa unampigia nani simu?”

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Gari lile ni la enzi za kabla ya vanishi. Rangi yake ni ileile juu mpaka chini, na kilichotoka kwenye kitambaa kilikuwa ngozi mfu, ile iliyoungua na jua. Isipotoka, iliyo hai haionekani. Kitambaa kikiwa chekundu ndiyo dalili kwamba kazi inakwenda.

Nikamwambia kuhusu simu. Hakufoka. Ningeona afadhali angefoka. Shangazi aliketi kwenye tairi kuukuu, akaweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono yote, kama abiria aliyeambiwa safari imeahirishwa.

Nikaanza kujikosha kwa mashauri. Nilimsihi dada aruke dawa ya kinga, ile ya kuizuia rangi isiungue tena na jua, apige nta moja kwa moja, nyingi, lipate kung'aa kabla hawajafika. Akasema kinga hushika kwenye rangi tupu tu. Ukitanguliza nta imekwisha, haitashika tena. “Umeona wapi mtu kavaa koti, kisha shati juu yake?” Na nta nyingi haing'ari zaidi, huganda tu na kukusumbua kuifuta.

Akamaliza polishi kwa mkono, mlango baada ya mlango, vitambaa vyekundu vikirundikana miguuni pake. Akapaka kinga, nyembamba mno hata nikauliza kama amepaka. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, na kuanza kukunja vitambaa. Mimi jicho langu lilikuwa getini. Yeye alikuwa anaisubiri ile kinga ikauke, na dunia nzima ingeweza kupita na ngoma asiinuke. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye mikono mizuri. Mwenye mikono inayojua kutulia, mwenzake akiwa amemponza, nimemwona huyo mmoja.

Ilipokauka akapaka nta, gari lote, ukungu mwembamba. Na nta ikianza kukauka hugeuka nyeupe. Hivyo Mkurugenzi alipoingia na mnunuzi wake, jitu la kifua kipana na kofia ya sufu, walichokiona ni gari lililovingirishwa kwenye unga wa ngano. Lilitisha kuliko lilivyokuja.

Mkurugenzi akapumua kwa huruma. “Mama, la kuvunda halina ubani. Wamejitahidi, lakini tuliache liende.”

Shangazi aligeuka. Alimtazama dada. Dada akapitisha kidole kwenye boneti. Nta ikaburuzika, ikaacha utando.

“Bado,” akasema, na akarudi kwenye ndoo yake.

Basi tukasimama wote pale, Mkurugenzi na viatu vyake vya kazini, mnunuzi na kofia yake, mimi na aibu yangu, tukiisubiri nta. Mnunuzi akauliza kwa upole inachukua muda gani. Dada akamwambia nta haina saa. Aliponyanyuka tena na kupitisha kidole, kilipita safi, na nyuma yake ukabaki mstari mmoja mwekundu, mbichi, kama kidonda.

Akachukua kipande cha pamba, hakukitumia. Alimpa shangazi.

Shangazi akafuta boneti kama anavyofutwa uso mtoto aliyetoka kulala. Weupe ukaondoka, na chini yake gari likatoka. Sijui niseme vipi. Mimi kazi yangu ni rangi, nimezipuliza nyekundu za kila aina, na sijawahi kupuliza ile. Zangu hung'aa juu. Hii ilikuwa na kina. Ungetamani kutumbukiza mkono ndani yake. Mabati ya paa letu yalionekana humo, na misumari yake.

Mnunuzi akavua kofia. Akainama mlangoni, akajiona, akaiweka sawa kola yake. Akasema nyundo yake ni ya vitu vilivyokata tamaa, na hiki hakijakata. Halafu akamvuta dada pembeni kumuulizia kuhusu pikapu yake mwenyewe.

Akabaki Mkurugenzi. Alizunguka gari, akabonyeza tairi kwa kiatu, akatafuta kasoro na asipate, akarudi pale alipoanzia.

“Sawa, linang'aa, sikatai,” akasema. “Lakini tusidanganyane, mama. Haya ni mafuta na nta tu. Chini yake ni gari lilelile zee.”

Shangazi alikuwa anakunja kile kitambaa, pembe kwa pembe, kama anavyokunja pazia la mteja.

“Na mimi kila asubuhi najipaka mafuta, mwanangu, na chini yake ni bibi yuleyule. Mbona mimi hujaniletea mnunuzi?”