Una Mama Wangapi?

Kiwandani walimwita Sindano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na yalichoma. Alikuwa meneja wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni ambacho wamiliki wake walikaa nchi za mbali. Ukiondoa cheo, kazi yake hasa ilikuwa kukaa katikati: ya juu ayashushe, ya chini ayapandishe, na lawama zimkute kote kuwili. Alishazoea. Lakini asubuhi ile hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba.

Yote yalianza na msiba. Mpishi wa sabuni, mtu wa makamo aliyesimamia matangi ya kuchemshia mafuta, alifiwa na mama yake mkubwa, yaani dada wa mama yake, aliyemlea tangu anatambaa. Alikwenda kwa Sindano, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama ametutoka. Sindano akampa pole, akampa na ruhusa ya kwenda kuzika, ile ya mtu aliyefiwa na mzazi. Hakuuliza zaidi. Mtu akisema mama ni mama.

Mkurugenzi alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwaka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Alikataa kuitwa bosi, alikula meza moja na wapakiaji, na aliamini kwamba watu wazima huambiana kila kitu mbele ya wote. Mtu akimwitikia "sawa" alidhani amekubaliwa, kumbe mwenzake ametoa tu taarifa kwamba masikio yake ni mazima.

Aliposikia Mpishi amefiwa na mama, alikunja uso. Mwezi ule alioingia kazini, si yeye mwenyewe aliyetuma maua mama wa Mpishi alipozikwa? Akaona amechezewa. Badala ya kumvuta Sindano pembeni amuulize, akaagiza Mpishi aitwe kwenye chumba cha vioo, kikao cha asubuhi kikiendelea. Wasimamizi wa zamu walikuwamo wote, na ukutani, kwenye skrini, zilijipanga nyuso za makao makuu. Mkurugenzi akauliza kwa lugha yake. Sindano, ulimi ukiitangulia akili, akatafsiri:

"Anauliza una mama wangapi."

Mpishi alimtazama Sindano, wala si mkurugenzi. Alikuwa bado na aproni na mabuti ya mpira.

"Walikuwa wanne," alijibu. "Sasa wamebaki wawili."

Jibu lilipotafsiriwa, mtu mmoja kwenye skrini akacheka, na mwingine akadakia, kile kicheko cha watu wanaodhani wametupiwa utani. Kicheko hakina haja ya mkalimani. Mishipa ya shingo ya Mpishi ilisimama. Mkurugenzi naye, bila kuona lolote, akataka aulizwe ni yupi kati ya hao aliyemzaa.

Sindano alimwambia mkurugenzi, kwa lugha hiyo hiyo ya kigeni, kwamba hilo hatalitafsiri. Kisha akamgeukia Mpishi.

"Kaka, nenda ukamzike mama. Huku niachie mimi."

Mpishi akavua aproni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani mbele ya mkurugenzi, akatoka.

Walipobaki wawili, mkurugenzi alizungumza habari za haki. Kampuni ina viwanda nchi nyingi. Dada wa mama akigeuka mama hapa, kwingine atawaambia nini? Akaongeza, kama mtu anayeleta ushahidi, kwamba dada wa mama yake mwenyewe alifariki mwezi uliopita na hakukosa kazini hata siku moja. Hapo Sindano alikaribia kumwonea huruma. Huruma ilifika mlangoni, hasira ikaifungia nje.

"Wewe hukwenda kumzika wa kwako," alisema. "Hilo ni lako. Lakini umemvua nguo mfiwa mbele ya walio wadogo kwake, na mimi nikakushikia taa."

Mkurugenzi aliiva uso. Akasema ataomba radhi kikao kijacho, mbele ya wote. Sindano akamkatalia katakata. Mtu hafuati radhi akiwa amekalia kiti chake. Aende msibani, akae walipokaa wenzake.

Wakaenda. Mpishi aliwapokea getini, akafuta kiti kwa kiganja chake, akamletea mgeni maji. Akampeleka ndani kwa vikongwe wawili waliokaa mkekani. "Huyu ni mama," alisema. "Na huyu ni mama." Mkurugenzi aliinama akatoa pole, na Sindano aliamini kwamba imetoka moyoni. Mpishi alishukuru kwa taabu yao, akatabasamu, akawasindikiza mpaka garini. Njiani mkurugenzi alishusha pumzi, akasema afadhali yamekwisha. Sindano alitazama dirishani.

Mpishi alirudi baada ya msiba, akamwelekeza msaidizi wake matangi yote, kisha akaacha kazi. Alisema tu kwamba amechoka. Mkurugenzi aliingia ofisini kwa Sindano amepigwa na butwaa.

"Lakini alinisamehe. Alinichekea."

"Ulikuwa mgeni," Sindano alimwambia. "Yeye alikuwa nyumbani kwake."

Mkurugenzi akamwomba amfuate Mpishi, ambembeleze. Sindano hakwenda. Mtu aliyeikunja heshima yake akaondoka nayo, unambembeleza arudi aje kuitandika wapi?

Watu wa makao makuu nao wakasikia, wakarekebisha kanuni: kila mfanyakazi aandikishe mapema mzazi mmoja wa ziada, ambaye akifa atapewa ruhusa ya kwenda kumzika. Mkurugenzi aliileta habari hiyo kwa furaha ya kweli. Sindano akajiona amesimama mbele ya watu, akiwataka wachague, mama zao wakiwa hai, ni yupi wataruhusiwa kumlilia. Alicheka kicheko kikavu. Akamwambia akaitangaze mwenyewe, kwa lugha aitakayo, na aanze kwa kuuliza nani yuko tayari kuwa wa kwanza kuchagua.

Aliitangaza. Hakuna aliyejitokeza.

Sindano hakuacha kazi. Alikuwa na watoto shuleni, na hasira hailipi ada. Lakini haikumtoka. Tangu hapo, akiitwa kutafsiri, husikiliza swali mpaka mwisho, hulipima, na zipo asubuhi ambazo hutikisa kichwa na kusema hapana.