Beseni la Ndege la Alfredi

Siku tuliyomzika mume wangu Alfredi, mtani wake Sultani aliteremka kaburini na kamba na timazi, akapima pande zote nne, akatikisa kichwa.

"Fukieni hili, mchimbe jingine," akasema. "Fundi huyu maisha yake yote hakujenga ukuta ulionyooka. Mkimlaza kwenye shimo lililonyooka hivi atajua si kwake, atatoka."

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Mimi sikucheka, lakini sikukasirika. Sultani ni Myao wa Chiwata, sisi Wamakonde wa Newala, na mtani msibani haambiwi kitu. Akivaa kofia ya marehemu, sawa. Akiondoka na kuku, sawa. Anayemkasirikia ndiye anayeaibika.

Lakini jioni nilipozunguka nyuma ya nyumba nilimkuta analifunga kwenye gunia beseni la mwisho la Alfredi.

Mambo ya mabeseni yalianza miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Saruji, ambayo zamani tuliipata kwa kibali na kwa kujuana, ilikuwa imejaa madukani, na wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wakijenga nyumba zenye bustani mbele. Alfredi alikwenda Masasi kuziba ufa kwa mama mmoja mgeni, akaona bustanini kwake beseni la saruji lenye umbo la jani, ndege wanaoga ndani. Akarudi nyumbani hana habari nyingine.

Aliteremka bondeni, kule tunakochota maji, akakata jani la gimbi kubwa kama ungo. Akarundika mchanga mbichi uani, akalaza jani juu yake kifudifudi ili mishipa itazame juu, kisha akalipaka mchanganyiko wa saruji na mchanga, mnene katikati, mwembamba pembeni. Akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Lilipokomaa tukaligeuza.

Kubandua jani ilikuwa kazi yangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mwiko wake. Jani lilimkatikia vipandevipande. Mimi nilianzia kwenye kikonyo, taratibu, na mishipa yote ikatokea kwenye saruji, hata tundu alilotoboa kiwavi. Tangu hapo kila beseni nilibandua mimi, naye alisimama nyuma yangu ameshika pumzi, kama mtu asiyejua kitakachotokea.

Majirani walituchoka. Huku kwetu juu maji ni ya kupandisha mlima na ndoo kichwani, halafu fundi anawajengea ndege bafu! Sultani, ambaye alikuwa akija kufanya kazi na Alfredi, ndiye aliyezidi.

"Wamakonde wenyewe hamuogi," alisema, "sasa mnaogesha chiriku."

"Tumeanza na ndege," Alfredi akamjibu. "Wayao mtafuata, ila ninyi mnahitaji beseni lenye kina zaidi."

Mara ya mwisho Sultani kututembelea Alfredi akiwa hai, aliondoka na kandambili moja. Ya pili, ya bluu kama mwenzake, haikuonekana. Alirukaruka uani kwa mguu mmoja akituuliza kama siku hizi Wamakonde tunakula mpira. Alfredi alimsaidia kutafuta kwa bidii, mpaka akamwinua kuku aliyekuwa anaatamia.

Wiki hiyo Alfredi alifinyanga beseni kubwa kuliko yote. Nilipotoka bondeni nililikuta limeshafunikwa.

"Hili usilifunue mpaka nikuambie," akasema. "Hili utalibandua mbele ya watu."

Homa ikamchukua kabla hajaniambia.

Kwa hiyo beseni alilolibeba Sultani lilikuwa bado na jani lake. Kazi ya mwisho ya mume wangu ilikuwa imebaki nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa yangu.

"Mtani, hilo liache," nikamwambia.

"Limeshaibwa."

"Chukua kuku."

"Kuku wenu wana kifua kikuu. Nataka hili."

"Jani halijabanduliwa, Sultani."

"Nitalibandua kwa panga," akasema, akaondoka akipepesuka nalo. Akalipakia kwenye lori la korosho lililokuwa linateremka Masasi, akanipungia kofia ya Alfredi.

Matanga yote waliokuja kunifariji walidhani namlilia mume wangu tu. Nilikuwa nalililia na jani pia.

Baadaye tukapata habari kwamba Ziada, binti wa Sultani, anaolewa. Nilimuuliza mama mkwe wangu, Bibi Bibiana, kama ni vizuri mfiwa kwenda harusini.

"Nenda," akasema. "Lakini usiende kula."

Nikamwelewa.

Nilifika Chiwata pilau ikiwa imeiva. Nilimwamkia kila aliyenizidi umri, nikampa pole mama wa bibi harusi kwa kazi, kisha nikaingia uani kwenye vyombo. Masinia yote ya kupakulia yalikuwa yamepangwa kwa kupandana. Nikatandika kanga yangu nyeusi juu yake, nikakaa.

Wapishi walidhani nimechoka. Wakangoja. Huko nje wanaume wakaanza kukohoa kikohozi cha njaa.

"Mama Witness," Mama Ziada akaniambia kwa upole, "tunaomba masinia."

"Naomba beseni langu."

Mjomba mmoja wa bwana harusi, mgeni kutoka mbali, akafoka: "Mwanamke gani huyu? Mwondoeni!"

"Usimguse!" Mama Ziada akadakia. "Ni mtani. Ukimgusa tutakula kesho."

Sultani akaitwa. Akaja na kanzu yake mpya, akaniona, akaanza kucheka, halafu akanusa pilau, akaacha.

"Mjane anakalia masinia ya watu! Huna aibu?"

"Aibu nilikuwa nayo. Uliiiba pamoja na beseni."

"Mpe mwenzio jiwe lake!" Mama Ziada akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Mimi mkewe hajanichotea maji hata kata moja tangu anioe. Hilo jiwe analinywesha asubuhi na jioni, na magunia analibadilishia!"

Watu wakapiga vigelegele. Sultani akaangalia chini.

"Msiba ule watu walikuwa wanagombea kikombe cha maji," akanung'unika. "Nani angemwagilia saruji? Lingepasuka. Huku kwetu kisima kipo." Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Na Mmakonde huwezi kumwachia kitu chenye maji."

Wakalileta, magunia yanachuruzika. Halikuwa limefunuliwa hata pembeni. Tukaligeuza pale uani, mbele ya watu, kama alivyotaka mwenyewe. Nikainuka kwenye masinia, na hakuna aliyeyakimbilia. Nikaanzia kwenye kikonyo. Jani lilikuwa jeusi limelainika, likatoka taratibu. Mshipa mkubwa ukatokea, kisha midogo. Katikati vidole vyangu vikagusa kitu laini.

Kandambili ya bluu. Ilikuwa imelala katikati ya beseni, imekamatwa na saruji pande zote, soli juu, imelika pale kisigino cha Sultani kilipokuwa kikikanyagia.

"Kandambili yangu!" Sultani akapiga kelele. "Mwizi yule! Nimekuwa namwagilia kandambili yangu mwenyewe!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikageuka kumtazama aliyesimama nyuma yangu ameshika pumzi. Alikuwa Sultani, analia na kofia ya Alfredi mkononi.

"Ivute basi, kama ni yako," nikamwambia.

Akaivuta. Haikutoka.

Sasa beseni liko uani kwangu Newala. Nalitia maji kidogo, majirani wananisema. Chiriku wakija husimama kwenye kandambili, kwa sababu hapo hapatelezi. Na Sultani kila akipita kwetu, kabla hata hajakaribishwa, huvua kiatu, huweka mguu ndani ya beseni, na kusema bado inamtosha.