Kontrole ya Louis

Mwanamke ambaye Kisimba hakumjua aliingia uani kwake Jumapili mchana, jasho likimtiririka, akauliza kama hapa ndipo anapokaa yule baba anayewakumbusha wagonjwa wa koo siku zao za hospitali. Aliitwa Mamie, alitoka Musonoi. Mume wake alikuwa amemaliza matibabu ya kansa, na Alhamisi alipangiwa kontrole, achunguzwe koo na shingo. Lakini simu yao iliibiwa, naye Mamie kesho anakwenda Dilolo kwenye msiba.

"Ule mwanaume anaogopa munganga kuliko kifo," alisema. "Umupitie weye, tata."

Kisimba akaziba kwa kidole tundu lililo shingoni mwake, ndipo sauti ikatoka, ya kukwaruza. "Nitamupitia, mama. Nakuahidi."

Akafungua daftari, akauliza jina. Louis Ntambwe, shefu wa zamani wa mgodi wa Mutoshi, alikofanya kazi Kisimba.

Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi. Louis huyo alimnyima ruhusa ya kontrole mara mbili, akiwachekesha wenzake kwamba Kisimba anatafuta siku ya kulala. Katika miezi hiyo kansa ya Kisimba, iliyokuwa imetibiwa, ilirudi kimyakimya. Ilipogunduliwa, ilibidi koromeo lote likatwe.

Siku tatu Kisimba aliishi na raha moja tu: kutokwenda. Louis apitwe na siku yake, kisha nyingine, hata ajue mwenyewe jinsi ugonjwa unavyorudi bila kupiga hodi. Aliionja raha hiyo akila, akaionja akioga. Lakini kila alipoifikiria Alhamisi, alimwona Mamie msibani, ametulia kwa sababu ya neno lake. Ahadi ile hakumpa Louis.

Alhamisi asubuhi alipanda pikipiki ya kukodi. Malori ya madini yalitimua vumbi njia nzima. Kitambaa chake cha shingoni kikawa chekundu kwa vumbi hilo, akakohoa mpaka machozi.

Louis alifungua mlango Kisimba akikung'uta kitambaa. Alilitazama lile tundu, akainamisha macho.

"Kisimba... ni weye?"

Kisimba akaliziba tundu. "Leo ni siku yako. Ya kwangu ulinikatalia. Sikukusamehe, na sitakusamehe. Vala bilatu."

Louis akaanza kusema kwamba tumbo linamuuma. Kisimba akamsogezea viatu kwa mguu, akangoja. Kwenye pikipiki alimweka Louis katikati, nyuma ya dereva, yeye akakaa nyuma kabisa ili Louis asiruke, na njia nzima, akikohoa ndani ya vumbi, hakuliachia koti la Louis.