Kisanduku Kilichotobolewa kwa Nyuma

Dada mtu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu kimefungwa kwa skrubu, mikono inamwasha. Cherehani yake alishaifungua hadi ikamzoea. Redio ya jirani aliifungua akairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo mpaka leo hajui ilitoka wapi, na redio inaimba vilevile. Kwa hiyo asubuhi ile alipoketi nyumbani kwenye meza yake ya kukatia nguo, makasi na futi kavisukuma kando, padi ya gemu ya mdogo wake imelala kifudifudi mbele yake, usidhani alianza kwa machozi. Alianza kwa udadisi. Machozi yalikuwepo, lakini yalisubiri zamu yao.

Mdogo wake alikuwa seremala. Watu walimwita Randa, kwa sababu randa ya kulainishia mbao ilikuwa haimtoki mkononi, hata akienda dukani kununua sabuni. Kisha msumeno wa umeme ukamkata kidole gumba cha mkono wa kulia. Jeraha lilipona, ngozi ikafunga vizuri, daktari akasema mkono uko tayari kwa kazi. Mkono wenyewe ukahamia mfukoni. Randa alikula kwa kushoto, akafungua milango kwa kushoto, akapunga watu kwa kushoto. Karakana yake, iliyokuwa ng'ambo ya ua, aliipiga kufuli. Mteja akija kumuulizia, alimjibu mwenyewe bila aibu, "Seremala kahama."

Na gemu ya ngumi, ambayo yeye na dada yake walipigana tangu utotoni huku wakitukanana kwa raha zao, aliizima. Padi inataka vidole gumba viwili, na yeye alibaki na kimoja. Kwake yeye hesabu iliishia hapo.

Dada mtu hakukubali. Siku moja alikuwa akishonea kifungo kwenye shati la mteja, sindano ikasimama katikati ya tundu. Alikumbuka mashine za gemu za zamani, zile za kusimama wima kama kabati, zenye fimbo upande wa kushoto na vitufe vikubwa vimejipanga kulia. Randa alikuwa akizitandika hadi wenye mashine wanamfukuza. Alipiga vile vitufe kwa vidole, tap tap tap. Sasa kidole gumba kilikuwa kinafanya nini muda wote ule? Dada mtu akaweka mkono juu ya meza, akapiga vitufe vya hewani. Gumba lilining'inia pembeni, halina hili wala lile.

"Kumbe lilikuwa mtazamaji tu!" akasema peke yake, na mteja wa shati akamwangalia kwa wasiwasi.

Ndipo, asubuhi ile, akaifungua padi. Alitarajia kukuta maajabu ndani. Alikuta bodi ya kijani, na chini ya kila kitufe kipande cha mpira chenye doa jeusi, na chini ya doa njia mbili za shaba zinazokaribiana bila kugusana. Ukibonyeza, doa linaziunganisha. Ukiachia, zinaachana. Akawasha gemu padi ikiwa imechomekwa, akachukua pini, akaigusisha kwenye njia zote mbili. Kwenye runinga mpiganaji wa Randa, aliyekuwa hajaguswa kwa miezi, akaruka juu. Dada mtu naye akaruka. Akagusa tena, jamaa akaruka tena. Aliendelea hivyo mpaka wali ukaungua jikoni, na wala hakujuta.

Kibanda cha fundi simu kilikuwa kando ya duka lake la kushona. Akamwendea na bodi mkononi.

"Kaka, hizi njia nikizilehemu waya, nikapeleka waya kwenye vitufe vingine vikubwa, si itakuwa kitu kilekile?"

"Kilekile kabisa. Bodi haijui nani kaibonyeza." Fundi simu akainua miwani. "Unamtengenezea yule bwana?"

"Ninaye nyumbani lakini nampoteza," alisema dada mtu. "Anakula, analala, anaitika. Ila hayumo. Nikikosea na hili, sijui nitamrudishaje."

Fundi simu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akazama chini ya meza, akaibuka na fimbo na vitufe vilivyong'olewa kwenye mashine ya gemu iliyokufa zamani. Akamwonyesha chini ya fimbo: swichi nne, kila upande moja, ukiinamisha fimbo unabonyeza ya upande ule. Akamwazima pia pasi ya kulehemu, akamwonya asiikawize, bodi itaungua.

"Mimi na pasi unatufundisha leo?" dada mtu akamtania.

Alilehemu vizuri, na kila waya akaufunga uzi wa rangi yake asije akachanganya. Nyekundu ngumi, njano teke, buluu kuruka. Tumbo la kile kisanduku lilikuwa nadhifu kuliko bitana ya suti. Kifuniko ndicho kilichoponza. Alikikata kutoka mgongo wa kabati bovu, plaiwudi yenye upande mmoja uliong'arishwa vizuri. Hakutaka kuuchafua upande mzuri kwa chaki. Fundi cherehani yeyote hupigia chaki upande wa ndani wa kitambaa, na yeye alifanya hivyohivyo: akachora kwa ndani fimbo kushoto, vitufe kulia, akatoboa matundu kwa keekee kwa ndani, akafunga kila kitu kwa ndani. Haraka ya kumwonyesha mdogo wake haikumpa nafasi ya kukitazama mara mbili. Alikaza skrubu ya mwisho, akakikumbatia kisanduku na kuvuka nacho sebuleni.

Randa alikuwa kwenye kochi, mkono mfukoni kama kawaida.

"Haya, bwana mkubwa. Toa kisingizio kingine."

Akamwekea mapajani. Wote wawili wakakitazama.

"Dada," Randa akasema polepole. "Fimbo iko kulia."

Dada mtu akatazama vizuri. Ni kweli. Alichochora kushoto kwa ndani, kwa nje kilikuwa kulia. Miaka yote kitambaa kilimlea vibaya: unakikunja mara mbili, ukikata mkono wa kushoto na wa kulia umo humohumo, hujali ulichora upande gani. Mbao haikunjwi. Na sasa ile fimbo, kitu pekee pale kinachotaka kushikwa kwa gumba, alikuwa ameiweka sawasawa mbele ya mkono usio na gumba. Hata adui asingepanga vizuri zaidi.

Machozi yakapata zamu yao. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyevunja chungu.

Randa hakumbembeleza. Alikuwa ameinamia kifuniko, uso umemkunjamana. Kila tundu lilikuwa limechanika ukingoni, vijiti vya mbao vimesimama kama ndevu za juzi.

"Nani katoboa hivi? Panya?"

"Mimi," dada mtu akasema kati ya kwikwi.

"Kutokea ndani?"

"Eee."

"Bila kuweka kipande cha mbao upande wa pili?"

"Kiwekwe cha nini?"

"Cha nini!" Randa alifoka, na hiyo ndiyo sauti yake ya zamani, ile ya karakanani. "Keekee ikitokea upande wa pili bila kizuizi inachana kila kitu. Na wewe umeitokezea upande wa uso! Angalia hapa. Angalia na hapa!"

Alikuwa akionyesha kwa mkono wa kulia. Vidole vinne vilipita juu ya kingo zile, vikasimama kwenye mchaniko, vikaupapasa, vikaenda kwenye mwingine. Dada mtu aliacha kulia ghafla. Hakuwa ameuona mkono ule tangu siku ya bandeji. Akajifanya hamnazo, akapenga kamasi.

"Basi nitakitupa," akasema.

"Utupe waya zote hizi? Waya hazina kosa. Kosa ni kifuniko." Randa akasimama. "Ufunguo uko wapi?"

"Unao wewe."

Ulikuwa kwenye mfuko wa kulia, mfuko uleule wa kuficha mkono.

Karakana ilinuka vumbi lililolala. Randa alichagua ubao, akachora kwa penseli upande wa juu, huku akimwelekeza dada yake kwa kejeli kwamba hapa ndipo juu, watu wote duniani wanakubaliana. Aliposhika keekee ya kuzungusha kwa mkono ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Akaiokota. Ikamponyoka tena. Akasimama akiitazama, taya limekaza, na mkono ukaanza kurudi taratibu kuelekea mfukoni. Dada mtu alitamani kuikamata ile keekee amfanyie, akajizuia kwa nguvu zake zote.

"Kile kishikio," akasema badala yake, kwa sababu kweli alitaka kujua, "lazima kishikwe kwa vidole? Mimi gurudumu la cherehani mara nyingine nalisukuma kwa kiganja."

Randa akamwangalia. Akaiegemeza keekee kifuani, kiganja cha kulia juu ya kishikio, akasukuma. Ikazunguka. Unga wa mbao ukaanza kumwagika.

"Usikae tu," akasema bila kuinua kichwa. "Shika kile kipande cha chini, ubao usichanike."

Jioni walicheza. Fimbo kushoto, vitufe kulia, kingo laini kama sahani. Dada mtu, kwa padi yake mwenyewe, alimpiga raundi ya kwanza bila huruma, akampiga ya pili, akasimama na kuzunguka sebule akishangilia. Randa hakuangalia runinga. Alikuwa akihamisha kidole chake cha mwisho, mbele, nyuma, juu ya kitufe cha njano.

"Hiki kiko mbali," akasema. "Mkono wangu umebadilika, vitufe navyo lazima vihame. Kesho natengeneza kifuniko kingine."

Akakibeba kisanduku kwapani na kutoka nacho uani, mkono wa kulia ukining'inia wazi, na taa ya karakana ikawaka. Dada mtu alibaki amesimama katikati ya sebule, bingwa wa raundi mbili, akiomba kimoyomoyo hicho kifuniko cha kesho nacho kiwe na kasoro, ili taa ile iwake tena.