Gauni la Mtu Asiyekuwepo

Njaa ilimfanya Bonge mwepesi, si wa mwili bali wa macho. Cherehani yake ililia kwa mbali kana kwamba iko chini ya maji, na vitambaa vilivyotundikwa ukutani vilionekana vikipumua. Yeye, fundi aliyesifika mtaa mzima, alikuwa akishona gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, nalo alilikata kwa vipimo vya mwanamke mwembamba ambaye hakuwepo. Hakuacha hata upana wa kidole kwenye mishono.

"Mashavu yameanza kuingia!" shangazi yake alishangilia kutoka mlangoni. "Kaza hivyohivyo, mwanangu. Utatutoa kimasomaso."

Sifa hizo zilimshibisha kuliko wali. Hata daktari alimpongeza. Bonge alipomweleza kwamba hushinda na maji matupu, kisha hula kwa kujificha kama mwizi, daktari alicheka. "Wewe? Ugonjwa wa kutokula? Na mwili huo?"

Mdogo wake ndiye aliyemwokota sakafuni alipozimia, akampeleka kwa mshauri.

Chumba cha mshauri hakikuwa na mizani. Viti vilikuwa vipana, havina mikono ya kubana mapaja. Bonge alipokaa, alihisi anashushwa taratibu ndani ya usingizi. Mshauri, mwanamke wa makamo, hakumuuliza kilo. Aliweka mezani mkate, mayai na vikombe viwili vya chai, kwani kazi yake aliifanya hivyo, akila pamoja na mgonjwa.

"Hapa si pangu," Bonge alinong'ona. "Wagonjwa wa hivi ni wembamba."

"Nani kakudanganya? Njaa haichagui umbo, dada. Unaumwa, nami nakuamini."

Neno hilo lilielea chumbani kama unyoya, likakawia kutua.

"Na nikila nikanenepa?"

"Huenda ukanenepa, huenda usinenepe. Sikuahidi mwili mwingine. Nataka huo ulio nao upate kula."

Bonge akamsimulia habari za gauni. Mshauri akasikiliza, kisha akauliza, "Mteja akikuletea nguo inayombana, unamwambiaje?"

"Kwamba aliyekata kakosea."

Alijisikia akisema hivyo. Akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akala nusu ya mkate, akilia.

Jioni alifumua mishono ya gauni. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha, basi akaunga ubavuni vipande vya rangi ya bahari. Shangazi akaruka.

"Unalipanua? Harusi imefika mlangoni, nawe unakata tamaa? Utatuaibisha!"

Bonge aliweka mkate mezani. Nyumba nzima ikaanza kuelea.

"Shangazi, ulipokuwa ukinisifu, mimi nilikuwa nazimia."

"Si ungesema!"

"Ndiyo nasema sasa. Usinisifu nikipungua, usinicheke nikila. Kaa nami tu."

Shangazi, mwanamke ambaye hata redio ilimnyamazia, alisogea mezani. Alitazama mkate, akamtazama mtoto wa kaka yake. Kisha akavuta kigoda.

"Haya, nikatie na mimi. Kipande cha maana lakini, usinifanyie uchoyo."

Bonge alitia kinywani tonge la kwanza. Alilitafuna polepole, macho yakiwa yamefumbwa, akilisikia likishuka. Shangazi alitafuna naye. Kesho ingekuwa ngumu vilevile, alijua. Akanyoosha mkono, akachukua kipande cha pili.