Doa la Uvunguni

Mume wangu anaheshimu vitu viwili hapa duniani: neno lake na uvungu wa gari lake. Mimi nafuata baadaye, pengine baada ya jeki.

Gari lenyewe ni kuukuu. Alipewa kazini alipostaafu, baada ya kumwendesha mkurugenzi mmoja mpaka wote wawili wakaota mvi, na tangu siku hiyo halijawahi kwenda safari bila kuoshwa chini. Juu anaweza kuliacha na vumbi la kuandikia kwa kidole. Chini, hapana. Anasema tope likiganda chini ya gari linakula chuma kimyakimya, tena linaficha uvujaji: mafuta ya breki yanatoka, tope linayanywa, na dereva anakuja kujua siku breki zinapogoma mteremkoni. Kwa hiyo kabla ya safari yoyote ndefu anaosha, anakausha, kisha anatandika shuka jeupe uvunguni na kuliacha mpaka asubuhi. Shuka likiamka safi, safari ipo. Likiamka na doa, safari hakuna, hata kama huko tunasubiriwa na malaika. Majirani walimpa jina la Bwana Usalama, na yeye analipenda. Shuka, kama kuna anayeuliza, ni langu.

Siku binti yetu alipopiga simu kutoka hospitali, Bwana Usalama alikuwa anakula. Niliiweka simu mezani ili sote tusikie.

"Mama, wamesema lazima wanipasue. Uvimbe umekua. Daktari hakunificha, amesema ni upasuaji mzito." Akavuta pumzi. "Namtaka baba. Nataka nimwone kabla sijaingia."

Binti tunaye huyo mmoja tu. Tangu aolewe na fundi viatu, baba yake hajakanyaga kwake. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba hatavuka mlango wa mtu anayeshinda ameinamia miguu ya watu, na mume wangu akishasema, amesema. Mjukuu amezaliwa, ameota meno, amekwenda shule, na babu yake anamjua kwa picha ambazo anajifanya hazitazami. Mimi huenda kwa basi. Nikifika huko naulizwa, "Baba hajambo?" Nikirudi hapa siulizwi kitu, ila naona anavyopunguza sauti ya redio ninapomsimulia jirani habari za safari.

Kwa hiyo aliposogeza sahani na kuiinamia simu akasema, "Nitakuja, mwanangu. Ngoja nioshe gari kesho, keshokutwa asubuhi tuko njiani," nilitamani kumrukia shingoni mbele ya mboga. Binti alilia. "Asante, baba," alisema, "asante sana." Mkoba wangu wa basi ulikuwa tayari umefungwa. Nikaufungua. Ningeendaje peke yangu wakati mtu ameinuka mwenyewe kumfuata mwanawe?

Kulipokucha akaanza kazi. Alizuia magurudumu kwa mawe, akainua gari kwa jeki, akaweka stendi za chuma, akalisukuma kwa bega kuhakikisha halichezi, ndipo akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa na kujisukuma ndani. Mvua zilikuwa zimekwisha karibuni na barabara yetu ni ya udongo, basi tope lilikuwa limegandamana ndani ya madigadi na kando ya chasisi likawa gumu kama tofali. Alilibandua kwa kipande cha ubao, si kwa chuma, maana anasema chuma kinakwangua rangi na kutu haingoji kukaribishwa. Vipande vikamwangukia usoni, akatema, akaendelea. Mafuta machafu yaliyoganda chini ya injini aliyasugua kwa brashi aliyoichovya kwenye mafuta ya taa. Pembeni kusikofikika aliingiza mswaki wa zamani. Kisha maji ya sabuni, kisha mpira wa maji, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka uwanja ukawa mto wa kahawia unaopita mlangoni mwa jiko langu.

Nilimsaidia. Nilikamua matambara, nilibeba ndoo maji yalipokatika bombani, nilipiga magoti kwenye tope langu mwenyewe. Niliifanya kazi ile kwa moyo mweupe, maana kila bonge lililoanguka niliona kama tumesogea hatua moja kuelekea wodini kwa mwanangu. Jirani alichungulia ukutani akapiga kelele, "Bwana Usalama! Siku utakapomwosha mkeo hivyo atarudi kuwa msichana!"

"Gari halinijibu jeuri," alijibu kutoka uvunguni.

Tukacheka wote watatu. Siku hiyo bado nilikuwa na kicheko.

Jioni alipitisha kitambaa kikavu kila mahali, bomba kwa bomba, nati kwa nati, akatandika shuka. Asubuhi alilivuta nje na kuliinua juani. Lilikuwa na doa la manjano, upana wa kifuniko cha soda.

"Mafuta ya breki," alisema. "Gurudumu la nyuma, kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haliendi. Unataka tuviringike bondeni, mama? Tukifa sisi, yeye itamsaidia nini?"

Mtu akikutajia kifo utamjibu nini? Nikalichukua shuka nikalikunja. Simu ikalia, na kabla ya salamu binti akauliza, "Baba ameshatoka?"

"Breki, mwanangu. Anatengeneza. Kesho."

"Basi nitamwomba daktari asogeze siku moja. Mwambie baba asichelewe."

Siku nzima baba alikuwa uvunguni. Alivua magurudumu ya nyuma, akakaza hiki, akafungua kile, kisha akaosha tena upya, kila mahali, hata pale tulipopaosha jana yake pakang'aa. Nilimpelekea chakula akala amelala. Jioni shuka likatandikwa. Asubuhi, doa. Lile lile, manjano, upana ule ule.

Binti akapiga. "Baba ameshatoka?"

"Bado, mwanangu."

"Daktari hasogezi tena, mama. Ni kesho asubuhi." Nilisikia sauti ya fundi viatu nyuma yake akimwambia apumzike, asizungumze sana. "Mwambie nitaingia kesho. Mwambie tu hivyo."

Nikamwambia tu hivyo. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akasema anakwenda kutafuta nati ya breki madukani. Alikaa huko mpaka basi la mchana, ambalo ndilo la mwisho, likawa limeondoka. Mimi nilibaki nimekaa kizingitini nikilitazama shuka, nikaona nilifue angalau mikono ipate kazi. Lilikuwa limerudishwa pale pale uvunguni, limebanwa na jiwe kwa ndani. Nikajifunga kanga vizuri, nikajilaza juu ya boksi, nikaingia.

Sikuwahi kuwa chini ya gari lile. Palikuwa pasafi kuliko kabati langu la vyombo. Niliona rangi ambayo sikujua gari letu linayo, niliona kila bomba linapotoka na linapokwenda, jembamba, kavu, linang'aa. Doa lilikuwa chini ya buti. Nikainua macho kutazama juu yake. Hapakuwa na bomba. Hapakuwa na nati. Palikuwa na bati tupu, na bati lile nikalipapasa kwa kiganja chote, likaniachia mkono mkavu. Nikajisogeza mpaka palipovuliwa gurudumu la kushoto, nikapapasa bomba la breki tangu mwanzo hadi mwisho. Kavu. Nikarudia upande wa kulia. Kavu.

Angekuwa mvivu kidogo, tope lingemfichia siri. Lakini aliosha kwa mikono yake mwenyewe, akasafisha mpaka hata mimi, mtu wa jikoni, nikaweza kusoma.

Nilipotoka niliikuta chupa ya mafuta ya breki dirishani, kifuniko kimekaa upande. Nikakaa nayo mapajani. Miaka mingi nimeishi na mwanaume huyu, na sikuwahi kudhani angenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kweupe, kwenye shuka langu.

Alirudi mikono mitupu. Akaiona chupa, akasimama.

"Doa limetoka wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye bomba."

"Bomba lipi? Twende unionyeshe. Nimetoka huko sasa hivi."

Alitazama mgongo wa kanga yangu, akaona vumbi la boksi, akajua. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Sijawahi kumwona mtu anasinyaa hivyo, kama mpira uliotobolewa.

"Nilitaka kwenda," alisema. "Nilipomwambia nitakuja, nilikuwa nataka kweli. Kisha nilipokuwa pale chini nikaanza kufikiria kuingia."

"Kuingia wapi? Hospitali si mlango wa fundi viatu."

"Yeye ndiye anayekaa naye wodini. Atanisalimia. Ataniinukia anipe kiti, mama. Kwa maneno yote niliyosema, ataniinukia anipe kiti. Nitakikaliaje?"

"Utakikalia kwa makalio, kama wanavyokaa watu wengine!"

Nilikuwa napiga kelele, na jirani asikie, sikujali. Kisha wazo likanijia ghafla.

"Na siku ya harusi?"

Aligeuza uso, akatazama gari.

Asubuhi ya harusi binti alikuwa amevaa tayari, shela lote, anasubiri gari la baba yake lililopambwa maua. Bwana Usalama aliingia na shuka lenye doa mkononi. Bibi harusi akapelekwa kwa gari la muuza makaa, tumetandika magazeti kwenye kiti, na pindo la gauni likafika jeusi. Mimi ndiye niliyemfuta machozi njiani. Nilimwambia, "Baba yako anakupenda, ndiyo maana hataki ufe kwa breki mbovu." Nilimwambia hivyo huku nimemshika mikono, na nikalirudia kwa kila shangazi aliyeuliza. Kumbe nimekuwa wakili wa tone la mafuta.

"Nijibu."

"Nilikuwa nimeshasema sitamtoa kwa mtu yule," alisema akitazama chini. "Mwanaume hawezi kula matapishi yake."

"Basi mlishe mwanao."

Sikuwa nimewahi kumwambia neno zito kama hilo. Alijifuta uso kwa kitambaa cha gari, akainuka bila kunitazama, akaanza kurudisha magurudumu. Nilisimama kando nikimpa nati moja moja. Tulimaliza giza likiingia, na usiku haendeshi, macho yake hayaoni vizuri gizani. Hilo la macho si uongo, hata mimi najua. Hakutandika shuka. Alisema tukitoka alfajiri na Mungu akipenda daktari achelewe kidogo, tutamkuta hajaingia. Nilimwitikia. Moyo wa mtu ni mjinga sana. Ulianza tena kutumaini.

Alfajiri alikuwa amenyoa ndevu. Alivaa suti ile ya kazini, ya kumwendeshea mkurugenzi, ikawa inamlegea mabegani. Aliwasha gari, akaliacha lingurume uwanjani lipate joto, akafungua geti yeye mwenyewe. Nilikuwa naingiza mkoba kiti cha nyuma simu ilipolia.

"Mama, wamekuja kunichukua. Wameniweka wa kwanza." Sauti ilikuwa ndogo, na nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda yakibiringika sakafuni. "Fundi yuko hapa ananishikia simu. Sikiliza. Mtoto analala kwa mwalimu wake. Ukifika umfuate kwanza, asinione nikiwa na mipira ya dripu. Asubuhi hali chakula kama hajabembelezwa, usimgombeze. Shati lake la shule lina kifungo kimekatika, cha pili kutoka juu, nimekifunga kwenye leso, leso iko mfukoni mwa hilo shati. Umshonee wewe. Baba yake nikimwachia atashona kwa uzi wa viatu."

Nilimsikia fundi akicheka na kulia kwa pamoja. Nikasema sawa, mwanangu, nitashona. Kisha nikasubiri. Nilijua swali linalofuata, nilikuwa na jibu lake kwa mara ya kwanza, tena jibu la kweli, limewashwa, linanguruma hapo mbele yangu.

Halikuja.

"Baba yako yuko hapa," nikasema mwenyewe. "Tunatoka, mwanangu, tunatoka sasa hivi. Nimpe simu?"

"Wananisukuma, mama," alisema. "Njoo tu wewe." Simu ikakatika.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gari, mkono mmoja juu ya boneti. Hakusikia maneno, alijua tu kwamba ni binti yake aliyepiga. Alikuwa ananitazama usoni kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama amefaulu.

"Ameshaingia?"

"Anaingia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ameniulizia?"

Ningeweza kudanganya. Kwa ajili yake nimedanganya sana, nimedanganya mpaka mbele ya shela.

"Hapana."

"Labda wamempa dawa," alisema haraka. "Zile dawa za usingizi, mama, zinamfanya mtu asahau."

"Amekumbuka kifungo cha shati la mtoto," nikamwambia.