Kulwa na Doto Mlimani

Adelina Kulwa alistaafu ualimu mwezi uleule aliotimiza miaka sitini. Walimu wenzake pale Tabora walipomuuliza atafanya sherehe gani, aliwajibu kwamba anakwenda Uganda kupanda mlima. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Huyu Mwalimu Kulwa, aliyelalamikia ngazi za ofisi ya elimu!

"Utapanda na nani?" wakauliza.

"Na mwenye siku yake. Siku hiyo si yangu peke yangu."

Hakuwa akitania. Alikuwa na pacha. Walizaliwa Usinge, yeye akatangulia akaitwa Kulwa, na aliyemfuata akaitwa Doto, kama ilivyo kwa mapacha wa Kinyamwezi. Doto alibatizwa Advera, ila jina hilo alilitumia padri tu. Mwaka 1989 Doto aliolewa na Masereka, Mkonzo wa Uganda aliyekuja Tabora kusomea ufugaji wa nyuki. Akamfuata mumewe Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Tangu hapo, kila watoto wa Kulwa walipomkatia keki ya siku ya kuzaliwa, aliwaambia wakate kipande kingine kimoja. Kipande hicho hakikuguswa mpaka kesho yake.

Kisha kulikuwa na jambo la mama yao.

Bi Mektilda alifariki mwaka 2007. Kulwa alimpigia simu Doto, Doto akalia, akasema anakuja. Wakasubiri siku mbili. Siku ya tatu wazee wakasema maiti haiwezi kungoja zaidi. Kulwa akaingia chumbani na shangazi zake kumwosha mama, kazi ambayo tangu utotoni walikuwa wameahidiana kuifanya wawili. Mwezi mmoja baadaye ikaja barua ya Doto: mtoto aliumwa ghafla, nisamehe. Kulwa aliisoma, akaikunja, na habari hiyo haikutajwa tena. Waliendelea kupigiana simu na kuzungumza mvua, mavuno na harusi za watoto. Kwa miaka kumi na minane walizungumza kila kitu isipokuwa hicho.

Masereka alipofariki, ugonjwa wa moyo ulimzuia Kulwa kusafiri. Mwaka uliofuata Doto alimpigia simu.

"Kulwa, tunafika sitini. Nimeishi chini ya mlima huu miaka thelathini na sita na sijaupanda. Hilari anawapandisha wazungu kila wiki. Sisi mama zake tuna kasoro gani?"

Hilari alikuwa mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto wake watatu, na kazi yake ilikuwa kuongoza wageni mlimani. Kulwa alimuuliza daktari, akaambiwa moyo umetulia, apande kidogokidogo na asizidishe. Akakubali kabla woga haujampata.

Alisafiri siku tatu. Basi lilipita Puge na Nzega asubuhi, likamfikisha Mwanza; kesho yake akazunguka ziwa hadi Bukoba, akavuka mpaka Mutukula. Kwenye mapaja alikuwa na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, ambavyo Doto alikuwa akiviiba juu ya paa walipokuwa wadogo.

Kasese stendi alikuwa amejiandaa kumwona mtu aliyefanana naye. Aliyekuja kumpokea alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mvi nyingi, aliyeinamia kushoto anapotembea. Hata Kiswahili chake kilikuwa kimepinda. Walishikana mabega wakatazamana muda mrefu, kila mmoja akimtafuta msichana aliyeagana naye.

"Umenenepa," Doto akasema.

"Na wewe umekwisha."

Wakacheka, na kicheko kilikuwa kimoja. Doto akafungua mfuko, akaingiza pua ndani, akabaki hivyo hivyo, uso umefichwa, mpaka Hilari akawaambia gari linasubiri.

Walianza kupanda kesho yake, wamevaa gambuti kwa sababu ya matope. Kulwa alipoona mpagazi mmoja anauweka mgongoni mfuko wake wa nguo, aliona haya. Babu wa babu yake alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, nyumbani walilisimulia hilo kwa fahari. Sasa yeye alikuwa akitembea mikono mitupu nyuma ya mzigo wake mwenyewe. Alijaribu kuuchukua. Mpagazi akacheka, akaongeza mwendo.

Njia ilipita kwenye msitu wa mianzi na ndevu za miti zilizodondosha maji. Doto alipanda kwa kushika mawe, akihema, akikataa mkono wa mwanawe. Alasiri walifika kwenye kibanda cha mbao cha kupumzikia. Hilari akaenda kusaidia kupika. Mapacha wakabaki kwenye benchi, vikombe vya chai mikononi, mbele yao ukungu mtupu.

Labda ni ule uchovu. Kulwa alijisikia akiuliza, "Ni mtoto gani aliyeumwa?"

Doto hakujifanya hajaelewa. "Hakuna aliyeumwa."

"Basi?"

"Hati yangu ya kusafiria ilikuwa imeisha muda. Nilikwama mpakani siku mbili nikibembeleza. Nilipofika Usinge mlikuwa mmeshazika."

Kulwa akageuka. "Ulifika Usinge?"

"Nilifika. Nilishuka pale njiani, kwenye mashine ya kusaga. Nikakuona uani unawanawisha watu, umevaa kitenge cha mama. Kwa mbali nilidhani ni yeye." Akazungusha kikombe mikononi. "Nikasema, nikiingia hapa nitakuwa mgeni kwenye msiba wa mama yangu mzazi. Wewe umeshafanya yote. Nikasimama mpaka gari la kurudi likaja, nikapanda."

"Uliniona."

"Nilikuona."

"Na ukageuka."

Kulwa akamwaga chai iliyobaki, akaingia ndani, akalala akiangalia ukuta. Miaka yote alikuwa na hasira na dada aliyekuwa mbali. Huyu aliyefika hatua mia moja tu kutoka uani hakujua amfanyeje.

Kulipokucha, siku yenyewe ya kuzaliwa, goti la Doto lilikuwa limevimba kama papai. Hilari akalishika, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe safari imeishia hapa."

"Mpeleke mama yako mkubwa," Doto akasema. "Mimi nitakaa na wapishi. Nendeni mkaone hiyo theluji."

Kulwa akavaa gambuti, akachukua fimbo, akatoka bila kumsalimia.

Alipanda kwa hasira, na hasira ilimsaidia saa nzima. Kisha miti ikaisha na wakaingia kwenye uwanda wa mimea asiyowahi kuiona, kabichi kubwa kama zimepandwa juu ya nguzo, ndege mdogo wa kijani akining'inia kwenye maua. "Doto, ona," akasema, akageuka. Nyuma yake palikuwa na mpagazi mmoja akifunga kamba ya mzigo. Akaendelea kupanda. Baada ya muda akateleza kwenye tope, akacheka, akageuka tena kusema kitu. Mara ya tatu alijizuia mdomo ukiwa wazi, akakaa juu ya jiwe.

Wakati huo mawingu yakapasuka. Mbali, juu sana kuliko alikokuwa akitafuta kwa macho, theluji ikaonekana. Ilikuwa ndogo kuliko alivyowafundisha watoto wa watu, na ilikuwa imekaa kimya kabisa. Hilari akatoa simu.

"Simama hapo nikupige picha, mama mkubwa. Mbele kuna mahali pazuri zaidi, saa mbili tu."

"Turudi."

"Moyo?"

"Moyo mzima. Leo ni siku yetu na sijamsalimia mama yako."

Hilari akarudisha simu mfukoni. Theluji ilikuwa imeshafunikwa.

Walimkuta Doto amekaa nje, mguu juu ya gunia, anamenya viazi na wapishi. Alipomwona dada yake akashusha kisu.

"Mwangaluka," Kulwa akamwambia.

"Hiyo ni salamu ya asubuhi. Sasa saa nane."

"Asubuhi sikukusalimia."

Kulwa akakaa kando yake, akachukua kiazi, akaanza kumenya. "Siku ile ungeingia," akasema bila kumtazama, "ningekuzaba kibao mbele ya watu wote. Halafu ningekupa kopo umwage maji, mimi nishike beseni. Hivyo tu."

Doto akalia, akijifuta kwa mkono wenye udongo wa viazi. Kulwa alimwacha alie. Naye macho yake yalikuwa yamejaa, lakini alimaliza kiazi chake kwanza.

Baadaye alimsimulia theluji ilivyokuwa. Doto akamwuliza maswali kama mtoto: je, inang'aa, je, ina kivuli. Kisha Kulwa akasema lililomleta hasa.

"Rudi nyumbani, Doto. Masereka hayupo. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, nalala peke yangu."

Doto akasugua goti lake. "Wajukuu zangu hawajui neno moja la Kinyamwezi. Na Masereka amelala hapa, nani atamlimia kaburi?" Akamshika mkono. "Nitakuja kumsalimia mama. Kuishi siwezi."

Doto alikuja Desemba, hati yake ikiwa mpya. Wakaenda Usinge, wakapalilia kaburi wote wawili, wakapaka chokaa. Doto alikaa muda mrefu amelaza kiganja juu ya saruji, akizungumza Kinyamwezi cha zamani ambacho hata Kulwa alikuwa amekisahau. Wakarudi Tabora, wakala, wakagombana kuhusu chumvi, wakalala kitanda kimoja ingawa vyumba vilikuwepo. Siku kumi zikaisha.

Kulwa alimsindikiza stendi alfajiri. Hawakuahidiana kitu. Doto alipanda, akapata kiti cha dirishani upande wa pili, kwa hiyo hawakupungiana mikono vizuri. Basi likatoka, likashika barabara ya Nzega, vumbi likatua.

Kondakta wa basi lingine akamsogelea. "Shikamoo mama. Unasafiri wapi?"

"Marahaba. Sisafiri," Kulwa akajibu, lakini aliendelea kusimama palepale, uso wake kuelekea barabarani.